DAWA YA DENI NA KIPIMO CHAKE

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi hatukusudii kulipinga neno hilo. Mtu akopaye kisha akakana, au akahama mtaa usiku ili asidaiwe, hana heshima mbele ya wenzake. Lakini dawa yo yote hutolewa kwa kipimo na kwa saa yake, tena mganga huuliza kwanza ni ugonjwa gani. Twaandika haya kwa sababu wafanyakazi wengi waaminifu wanazidi kudidimia hali wakilipa kila mwezi, na hakuna aliyekaa nao akawapigia hesabu.

Tumchukue kwa mfano mfanyakazi mmoja wa kiwanda hapa Dar es Salaam, mwenye mke na watoto wanne. Amepokea malimbikizo ya mshahara wake, shilingi 1,500,000, fedha ambazo hajapata kuzishika kwa mara moja tangu aanze kazi. Benki yamdai zaidi ya shilingi milioni 4. Mkopeshaji wa mtaani amdai shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi, na kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri vimo mikononi mwa mkopeshaji huyo. Katika chama cha akiba na mikopo amechelewesha marejesho ya shilingi 350,000, na huko wenzake wawili wa zamu moja ndio waliomdhamini. Tena yuko mwenye duka ampaye unga na sukari kwa daftari; hesabu yake imefika shilingi 120,000. Je, aanzie wapi?

Wengi huanzia benki. Sababu twaifahamu: jina la benki ni kubwa, barua zake zina mhuri, na mtu huona fahari kumwambia mkewe kwamba leo amepunguza milioni moja na nusu. Haya, na tupige hesabu. Ikiwa riba ya benki ni asilimia 17 kwa mwaka juu ya salio, hizo shilingi 1,500,000 zitamwondolea riba ya kama shilingi 255,000 katika mwaka mmoja. Wakati huo huo mkopeshaji wa mtaani ataka shilingi 90,000 kila mwezi za riba peke yake. Mfanyakazi wetu akiwa hana uwezo wa kutoa zaidi ya hizo, mwaka utakapokwisha atakuwa ametoa shilingi 1,080,000 na bado anadaiwa 300,000 zile zile. Deni dogo limemla zaidi ya mara nne ya kile alichookoa kwenye deni kubwa. Watu wa mitaani hawakukosea walipoiita mikopo hii kausha damu.

Wala sheria haikunyamaza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 10,500. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Basi mwenye kudaiwa kwa namna hiyo ana haki ya kuulizia leseni na kudai mkataba wa maandishi, na malalamiko yake aweza kuyafikisha Benki Kuu. Twajua ni rahisi kuyaandika maneno haya kuliko kuyasema mlangoni saa kumi na mbili alfajiri, mkopeshaji amekuja na vijana wawili juu ya pikipiki. Lakini siku ambayo fedha zipo mkononi ndiyo siku ya kukatana naye. Mlipe, pokea kadi yako, pata maandishi kwamba hakudai tena, na namba ya siri uibadilishe siku ile ile kabla jua halijatua.

Baada ya huyo ndipo tuitazame benki, kwa kuwa pana jambo hapo ambalo wakopaji wengi hawalielewi. Mkopo wa mshahara hukatwa kiasi kile kile kila mwezi, lakini ndani ya makato hayo riba huchukua fungu kubwa mwanzoni na fungu dogo mwishoni. Mtu aliyekopa shilingi 6,000,000 kwa miaka 5, kwa asilimia 17 juu ya salio, atakatwa kama shilingi 149,000 kila mwezi. Baada ya miaka 2 atakuwa ametoa karibu shilingi 3,580,000, nalo deni limepungua kwa kama shilingi 1,820,000 tu. Akilimaliza siku hiyo ataepukana na riba ya karibu shilingi 1,190,000, na hiyo ni fedha ya kuezekea nyumba ndogo. Lakini akingoja hadi umebaki mwaka mmoja, kulimaliza deni kutamwokolea kama shilingi 154,000. Tena huenda mkataba una ada ya kulipa kabla ya wakati, nayo itamega hata hizo. Kwa mtu wa namna hii ni heri fedha zikae zikimngoja mtoto anayeingia kidato cha tano, kuliko baba kujisifu kwamba hadaiwi na benki, kisha mwezi wa pili akarudi kwa kausha damu kutafuta godoro na tranka.

Iko na hila nyingine yenye sura ya hisani. Mkopaji akiisha kulipa miaka mitatu, huambiwa kwamba deni la zamani litalipwa na mkopo mpya, na tofauti ataichukua mkononi. Karatasi yasema deni limekwisha. Kumbe mtu amerudishwa mwanzo wa miaka mingine mitano, pale ambapo riba ni nene kuliko po pote. Utaratibu wa utumishi wa umma wataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na ni jambo jema. Lakini theluthi hiyo haifikishi mwisho wa mwezi familia ya watu sita, nayo ndiyo imtumayo mtu kwenda kugonga mlango wa mkopeshaji.

Vijana waliosoma vyuo vikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wana hesabu yao. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa muda deni lao lilikuwa likikua kwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Siku ya Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Deni lisilokua haliwi la kukimbiliwa mbele ya deni linalokua. Kijana asiye na deni jingine, na mwenye akiba, na alipe haraka, maana fedha hizo zinangojwa na mwanafunzi mwingine. Mwenye kausha damu nyumbani aache makato yaende kama yanavyokwenda.

Mpaka hapa tumesema habari za shilingi. Lakini deni la chama cha akiba na mikopo halipimwi kwa riba pekee. Mkopaji asipolipa, akiba ya wadhamini wake ndiyo inayoshikwa, na mdhamini ni mtu anayesimama naye kwenye mashine moja. Fundi aliyekatwa akiba ya ada ya mwanawe kwa sababu ya mwenzake hatasimama naye tena katika mkutano wa wafanyakazi wakadai jambo kwa sauti moja. Mwajiri hahitaji kuwagawa watu hao. Deni limekwisha kuwagawa. Kwa hiyo sisi twaona marejesho haya yaitangulie benki, hata riba yake ikiwa ndogo. Na mwenye duka vile vile. Yeye hatozi riba wala hana wakili, na mtaji wake wote ni ule uliomo katika daftari. Wateja kumi wakikawia, rafu zinabaki tupu na mtaa mzima unakosa pa kukopa unga.

Basi mfanyakazi wetu amlipe mkopeshaji shilingi 390,000 pamoja na riba ya mwezi huu, chama 350,000, mwenye duka 120,000. Atabakiwa na 640,000. Katika hizo aweke akiba ya kutosha ugonjwa mmoja na muhula mmoja wa shule, na zinazosalia azipeleke benki ikiwa mkopo wake ungali mchanga. Asiuze cherehani ya mkewe ili afikishe hesabu ya mviringo. Cherehani ile ndiyo inayonunua mboga.

Yako madeni ya zamani pia. Kwa sheria yetu ya ukomo, shauri la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Lakini mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, miaka huanza kuhesabiwa upya. Hatulitaji jambo hili ili kumfundisha mtu ukwepaji. Twalitaja kwa kuwa wako wanaotoa shilingi elfu ishirini kumtuliza mdai, wasijue kwamba wametia sahihi miaka mingine sita. Mwenye nia ya kulipa akubaliane kwanza juu ya kiasi chote na tarehe zake. Na mdai akikubali kupokea pungufu ili yaishe, maandishi yaseme wazi kwamba yamekwisha.

Aliyeweka hati ya kiwanja rehani asirudi nyumbani na stakabadhi peke yake. Rehani ikiisha kulipwa, sharti iondolewe katika daftari la Msajili wa Hati, ama sivyo ardhi ile itaonekana imefungwa hata baada ya shilingi ya mwisho kutolewa, na watoto watakuja kuhangaika nayo.

Na msibani, pale inapotangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, ndugu hukimbilia kuuza mali ili marehemu apumzike. Nia ni njema. Lakini mikopo mingi ya mshahara hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji siku ile ile anapokopa, na gharama yake marehemu alikwisha kuitoa. Mwenye duka na jirani waliokopesha kwa mdomo hawana bima, hao walipwe. Kwa benki, mjane aende kwanza na cheti cha kifo na mkataba wa mkopo, aulizie bima, na jibu apewe kwa maandishi kabla mtu ye yote hajakitafutia kiwanja mnunuzi.