Je, Wajua? Dola ya Sarafu Iliyokosa Mfuko wa Kukaa

Je, wajua kwamba mwaka 2011 maghala ya Benki Kuu ya Marekani yalikuwa yamehifadhi takriban sarafu bilioni 1.4 za dola moja ambazo wananchi hawakuzitaka? Zilikuwa fedha halali, nyingi zikiwa mpya na zenye rangi ya dhahabu. Mabenki yaliziagiza, wateja wakazirudisha, nayo mabenki yakazirudisha zilikotoka. Desemba mwaka huo Wizara ya Fedha iliamuru zisitengenezwe tena kwa matumizi ya kila siku. Zinazotoka tangu hapo hununuliwa na wakusanyaji wa sarafu.

Ajabu ni kwamba Marekani ilijaribu mara nne katika muda wa miaka arobaini hivi, na kila mara noti ya dola moja ilishinda. Ukifuatilia majaribio hayo unajifunza jinsi mkono wa binadamu unavyoitambua fedha kabla jicho halijaitazama.

Jaribio la kwanza lilikuwa mwaka 1971, kwa sarafu yenye sura ya Rais Dwight Eisenhower. Kipenyo chake kilikuwa milimita 38.1 na uzito wake gramu 22.68. Sarafu kumi tu zilikaribia robo kilo, na suruali gani itabeba mzigo huo kutwa nzima? Ilipata kazi ya kweli katika mashine za kamari za Nevada, ambako mchezaji alitaka kitu kizito cha kutumbukiza. Madukani haikuzoeleka.

Mwaka 1979 ikaja sarafu ndogo yenye sura ya Susan B. Anthony, mwanaharakati aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Alikuwa mwanamke halisi wa kwanza kuwekwa kwenye sarafu ya Marekani ya matumizi ya kawaida, kwa maana waliomtangulia walikuwa picha za kubuni za "Uhuru". Heshima ilikuwa kubwa, lakini umbo likaiharibu. Robo dola ina kipenyo cha milimita 24.26, na dola ya Anthony milimita 26.5. Tofauti ni milimita mbili na kidogo. Zote mbili zilikuwa na rangi ileile ya fedha, na ukingo wa zote ulikuwa na mistari. Mtu akiwa na haraka dirishani pa tiketi hutoa dola akidhani ni robo, na senti 75 zimekwenda. Watu waliibandika jina la "robo ya Carter", kwa sababu Rais Jimmy Carter ndiye aliyetia saini sheria ya kuianzisha.

Je, wajua kwamba kosa hilo lilionekana mapema? Wabunifu walipendekeza sarafu yenye pande 11, ili kidole kiitambue papo hapo. Wenye mashine za kuuza vinywaji na vitafunwa wakapinga, wakihofia kwamba mashine zao hazitaimeza. Basi ukingo ukaachwa mviringo, na zile pande 11 zikachorwa kwa ndani tu, kuizunguka picha. Jicho lilipata pembe zake. Kidole, kilichozihitaji zaidi, hakikupata kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo sarafu ile ilipouawa, hata kabla haijatoka kiwandani. Zaidi ya milioni 750 zilitengenezwa mwaka 1979 peke yake. Nyingi zililala maghalani hadi mashine za stempu za posta na za nauli za treni za mijini zilipoanza kuzitumia kama chenji.

Mwaka 2000 wahandisi walirudi na jibu bora. Dola mpya ilibeba sura ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone aliyesafiri na msafara wa wapelelezi Lewis na Clark kuelekea Bahari ya Pasifiki akiwa na mtoto wake mchanga mgongoni, na mtoto huyo yumo kwenye sarafu. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu na ukingo wake laini kabisa, hivyo hata mtu asiyeona aliweza kuitenga na robo dola. Lakini mashine zilikuwa zimezoea dola ya Anthony, na mashine haitambui sura ya mtu. Hupima ukubwa, uzito na namna umeme unavyopita katika chuma. Ilibidi upatikane mchanganyiko wenye rangi tofauti na tabia ileile ya umeme. Dawa ilikuwa manganizi: kiini cha shaba tupu kikafunikwa kwa tabaka la shaba, zinki, manganizi na nikeli. Mashine za zamani zikaipokea bila kubadilishwa. Nawapongeza kwa dhati waliofanya kazi ile, maana walifikiria kidole, jicho na mashine kwa pamoja.

Hata hivyo haikutosha. Wala hazikutosha dola za marais zilizoanza mwaka 2007, ambazo mwaka wa kutengenezwa na baadhi ya maneno viliandikwa ukingoni. Maandishi hayo yaliwekwa na mashine nyingine baada ya sura kupigwa chapa, na mwanzoni sarafu nyingi za George Washington zilipita bila kuandikwa, zikageuka kitu cha kutafutwa na wakusanyaji.

Mwaka 2008 serikali, katika kutafuta watumiaji, iliruhusu watu kununua dola hizi kwa bei yake halisi na kuletewa nyumbani bila nauli. Baadhi walizinunua kwa kadi za mkopo zinazotoa pointi za safari za ndege, wakazipeleka benki bila hata kufungua maboksi, wakalipa deni la kadi kwa fedha hizohizo. Pointi zikabaki zao. Julai 2011 malipo ya kadi yalifungwa.

Kilichokwamisha ni nini basi? Noti haikuondolewa. Mwenye duka ana droo yenye nafasi ya noti, mteja ana pochi ya noti, na mia moja za noti zina uzito wa gramu 100 hivi, ilhali mia moja za sarafu ni gramu 810. Ukimpa mtu hiari, atashika chepesi alichokizoea. Kanada ilitoa sarafu yake ya dola mwaka 1987 na kuacha kutoa noti mwaka 1989. Sarafu hiyo ina kipenyo cha milimita 26.5 vilevile, lakini pande zake 11 ni za kweli. Sura yake ilipaswa kuwa mtumbwi. Vyuma vya kupigia chapa vikapotea njiani kati ya Ottawa na Winnipeg mwaka 1986, na kwa hofu ya sarafu bandia akawekwa ndege wa majini aitwaye loon. Uingereza ilitoa sarafu ya pauni mwaka 1983 na kuifuta noti yake mwaka 1988. Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, na leo hakuna anayeishangaa.

Noti ya dola nayo si dhaifu kama tunavyodhani. Ni asilimia 75 pamba na 25 kitani, ndiyo maana husalimika ikisahauliwa katika nguo za kufua. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikadiriwa kuishi miezi 18 hivi. Sasa inapita miaka 6. Sababu mojawapo ni mashine za kuchambua noti, ambazo zamani ziliziharibu noti nzima zilizoingia zimegeuzwa upande. Wakaguzi wa Bunge la Marekani, ambao kwa miaka mingi walisema kuhamia sarafu kungeokoa mabilioni, waligeuza hesabu yao mwaka 2019: sasa kungeleta hasara.

Ila noti ina dhambi moja ambayo sarafu haina. Dola 1 na dola 100 zina ukubwa uleule, milimita 156 kwa 66. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba hali hiyo inawabagua wasioona. Mabadiliko ya kuwasaidia kutambua noti yamecheleweshwa mno.

Na ile dola ya Sacagawea ilipata kwao pengine. Ecuador, inayotumia dola tangu mwaka 2000, huipokea sokoni kama fedha ya kila siku. Nchini Kongo nako dola inatembea, kutoka Kinshasa hadi Goma na Lubumbashi, lakini kwa noti tu, na noti yenye mchaniko mdogo hukataliwa. Kwa hiyo, msomaji, ndugu aliye Marekani akikuletea dola ya chuma, mrudishie akaitumie hukohuko au ihifadhi kama kumbukumbu. Maduka ya kubadilishia fedha kwetu hupokea noti, hayapokei sarafu.