Amani Haiji kwa Gari Moshi

Kwa miaka mingi Reli ya Kati, ipitayo Kilosa kwenda Tabora na Kigoma, ilichukua sehemu ya chakula cha wakimbizi. Magunia yalishushwa bandarini Dar es Salaam, yakapakiwa katika mabehewa, yakavuka nchi nzima hadi Isaka na Kigoma. Mengi yalikuwa kwa ajili ya watu walioikimbia vita ya Burundi, iliyoanza Oktoba 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na askari wa nchi yake mwenyewe. Vita hiyo yakisiwa kuwa iliua watu 300,000.

Hapana shaka magunia hayo yaliokoa maisha ya watu, na mwenye kudharau jambo hilo hajapata kulala na njaa. Walakini kumwokoa mtu ni jambo moja, na kumrudishia amani ni jambo jingine.

Tutazame yaliyotendeka Burundi. Mwalimu Nyerere alianza kuwapatanisha Warundi mwaka 1996, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka askari kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ukaichukua kazi hiyo. Yote hayo yalihitajiwa. Lakini mkimbizi aliyeondoka mwaka 1972 aliporudi kijijini kwake, mara nyingi alikuta mtu mwingine akililima shamba lake, tena mtu aliyezaa na kulea watoto humo kwa miaka 30. Wote wawili wanataka kula. Askari mgeni aweza kuwazuia wasipigane; hawezi kujua mpaka ulipita wapi, wala mgomba upi ulipandwa na babu wa nani. Ndiyo maana mwaka 2006 Warundi waliunda tume yao ya ardhi na mali, na hata hivyo mashauri hayo yaliendelea kuwa mazito. Mwaka 2015 ugomvi wa siasa ulipozuka tena, watu kwa maelfu walivuka mpaka mara ya pili.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya jirani zetu peke yao. Mwaka ule ule wa 2000, mwezi wa Desemba, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kilosa haikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe, wala hatusemi hivyo. Twasema mbegu ni moja. Mashamba ya mkonge, mengine yaliyoachwa yakawa pori, yalishika ardhi nzuri. Upande wa Mikumi iko Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo haliingii jembe wala ng'ombe. Katika ardhi inayobaki, mkulima hutafuta bonde lenye maji, na mfugaji wakati wa kiangazi hulitafuta bonde lile lile. Mwaka 2009 mifugo iliondolewa wilayani kwa nguvu. Ng'ombe waliondoka, ugomvi ukabaki.

Kilosa yajua pia maana ya hema la msaada. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kuikata reli yenyewe, na watu wengi wakakaa katika mahema kwa muda mrefu. Hema lilimkinga mtu na mvua, lakini halikumpa kiwanja.

Basi wafadhili wa nje wana kazi yao, nasi hatuna sababu ya kuwafukuza. Waweza kuleta chakula na dawa, kulinda barabara, hata kuwalipia wapimaji wa ardhi. Lakini kukubaliana ni nani alime wapi, nani achunge wapi, na ng'ombe wapite njia gani kwenda mtoni, ni kazi ya wenye nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakipa kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake katika mkutano wa wananchi. Mkutano huo yapasa mfugaji aitwe kama mkulima aitwavyo, mwanamke aseme kama mwanamume, na mwenyekiti asiuze kwa siri kile ambacho mkutano umekataa hadharani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Warundi wanaujenga ukuta wao, kwa gharama ya maisha ya watu wasiohesabika na kwa msaada wa dunia nzima. Sisi ufa wetu bado tunaweza kuuziba kwa mikono yetu, maadamu mkulima na mfugaji wa Kilosa bado wanakutana sokoni na kuuziana mahindi na maziwa.