Fidia, Malimbikizo na Kodi ya Mapato

Miongoni mwa maneno yanayohitaji kutenganishwa katika maandishi ya kazi na sheria ni neno fidia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kitu kitolewacho ili kumkomboa mtu. Leo maana hiyo imepanuka. Mkulima wa Ruangwa ambaye shamba lake limetwaliwa kwa uchimbaji wa madini ya kinywe hudai fidia. Aliyeumia kazini naye hudai fidia, na ndiyo sababu ya jina la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Matumizi hayo hayana kasoro. Kasoro huanza pale neno hilohilo linapotumiwa kwa mshahara ambao haukulipwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mlinzi wa ghala la korosho Nachingwea, mwenye mshahara wa shilingi 400,000, amefanya kazi miezi 10 bila kulipwa. Anapeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pande mbili zinapatana alipwe shilingi 4,000,000. Hati ya mapatano inaziita fedha hizo fidia. Mlinzi huamini kwamba amepewa pole, na kwamba pole haina kodi. Akiona zimekatwa, hudhani amedhulumiwa mara ya pili.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haifuati jina la malipo, bali kile kinachofidiwa: malipo yanayoshika nafasi ya mapato huchukua sifa ya mapato hayo. Neno mshahara lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi; ni ujira wa mwezi, na kucheleweshwa hakuugeuzi kuwa kitu kingine. Aidha, mapato ya ajira huhesabiwa katika mwaka yanapopokelewa, wala si mwaka kazi ilipofanyika. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi, na fungu linalofuata hutozwa asilimia 8. Basi mlinzi wetu, ikiwa hakuwa na mapato mengine mwaka huo, na tukiacha makato mengineyo, kodi yake ni shilingi 60,800.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo zisichanganywe:

(a) Malimbikizo ya mshahara: mishahara ya kazi iliyokwisha kufanywa, ambayo haikulipwa kwa wakati wake. Hutozwa kodi.

(b) Fidia ya kuachishwa kazi: malipo kwa ajili ya kupoteza ajira. Nayo sheria imeyataja kuwa mapato ya ajira.

(c) Marejesho ya gharama: fedha ambazo mfanyakazi alizitumia kwa shughuli za mwajiri tu, naye akarudishiwa. Hayo si mapato.

Vilevile tutofautishe kutozwa na kukatwa. Kutozwa ni kuwajibishwa kulipa kodi. Kukatwa ni njia ya kuilipa kupitia kwa mwajiri.

Tunawasihi waandishi wa hati za mapatano waandike kila fungu kwa jina lake na kiasi chake. Jina peke yake haliondoi kodi; lakini humwezesha mfanyakazi kujua, kabla ya kutia sahihi, ni kiasi gani kitakachofika mkononi mwake.