Gari la Otomatiki Mlimani: Shuka kwa Gia Uliyopandia

Ndugu mfanyakazi, ukitoka Uvira kwenda Makobola, njia hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika: ziwa kushoto, milima kulia. Hapo gari la gia (vitesi) za otomatiki halikusumbui. Lakini ukipita Baraka, njia hupanda kwenda Fizi. Na ukishika ile ya Bukavu, baada ya Kamanyola unakutana na mlima Ngomo. Huko ndiko dereva asiyelijua gari lake huponza roho yake na za abiria.

Gari la otomatiki halina kanyagio la klachi. Mahali pake kuna konvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta, kati ya injini na sanduku la gia. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, na mafuta husukuma yale ya upande wa pili, kama feni moja inavyozungusha nyingine kwa upepo. Kwa kuwa mafuta huteleza, nguvu kidogo hupotea na kugeuka joto.

Konvata ni za aina mbili. Ya kwanza huteleza hivyo daima. Ya pili ina klachi ndani: gari likishika mwendo, klachi hufunga, injini na gia zikazunguka pamoja. Packard ya Marekani iliitumia tangu mwaka 1949. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 na 1979, viwanda vingi viliiunganisha na ovadraivi, gia ya juu inayoiacha injini izunguke polepole gari likienda mbio.

Je, ipi ya kutegemea mlimani? Hakuna! Yenye klachi hupata joto dogo kwenye tambarare. Lakini ukipanda polepole na mzigo, klachi hufunguka, nayo huteleza kama ile nyingine. Ukishuka na kukanyaga breki, katika magari mengi hufunguka pia. Nayo ovadraivi hailizuii gari. Kazi yote huziangukia breki. Zikipata moto kupita kiasi, mafuta yake huchemka, na kanyagio huzama gari lisisimame.

Kwa hiyo, shika haya:

1. Kabla ya kupanda au kushuka mlima, zima ovadraivi. Taa ya O/D OFF ikiwaka, imezimika.

2. Kwenye mteremko mkali weka 2 au L ukiwa bado juu, kabla gari halijashika kasi.

3. Usishuke katika N, wala usizime injini ili kuokoa mafuta. Injini haitakusaidia kulizuia gari, na ikizimwa, breki na usukani huwa vizito.

4. Mafuta ya gia yakiwa meusi na kunuka kuungua, peleka gari karakana.

5. Gari likiharibika, usilivute huku magurudumu yanayopokea nguvu ya injini yakigusa chini. Injini ikizimika, pampu haisukumi mafuta, na gia huungua.

Nanyi akina mama na watoto mnaosafiri pamoja naye, msimharakishe dereva kwenye mteremko. Mkisikia harufu ya kuungua, mwambieni asimame mahali salama, breki zipoe. Kuchelewa saa moja si hasara. Nyumbani wanawangoja mkiwa wazima.