Ganda la ndizi likigeuka plastiki

Pita Marikiti jioni, utapata marundo ya maganda na matunda yaliyooza. Wengi wetu hushika pua tukapita. Elif Bilgin, msichana wa Istanbul, Uturuki, aliona ganda la ndizi akawaza plastiki.

Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 16 na bado yuko shule ya upili, alishinda tuzo ya Science in Action na dola 50,000. Usidhani ilikuwa mteremko. Kazi ilimla miaka 2, na majaribio 10 yakafeli. Mara plastiki inakosa nguvu, mara inaoza mapema. Akakaza tu.

Sasa inafanyaje? Siri ni wanga. Maganda yanawekwa dawa ya kuzuia yasiharibike, yanachemshwa, kisha yanasagwa hadi yawe uji mzito. Unaongeza asidi kidogo ya kulegeza wanga, na glisirini, ile ile tunayopaka ngozi, ndio plastiki ipindike bila kukatika kama biskuti. Mwisho asidi inapunguzwa makali na uji unaokwa. Lakini asidi si mchezo, usijaribu bila glavu na mtu anayejua.

Kitu kingine poa: plastiki nyingi za mimea hutoka kwa mahindi na miwa, yaani zinang'ang'ania shamba na ugali wako. Ganda halimnyimi mtu chakula.

Hapa kwetu, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017. Ukipatikana, faini inafika Sh4 milioni ama jela miaka 4. Ila chupa na vifuniko bado vinaziba mitaro mtaani.

Tusidanganyane lakini. Plastiki ya wanga hunyonya maji, kwa hivyo usitarajie chupa ya soda. Inafaa vitu vya muda mfupi, kama mifuko ya miche, ambayo unazika na mche wake bila kuichana. Na si kila plastiki ya mimea huoza ukiitupa mtoni. Nyingine hutaka joto la karibu nyuzi 60.

Sasa ni hivi: malighafi iko, tena ya bure, kwa kila kibanda cha juisi. Wewe na mabeshte zako mnangoja nani?