Jicho la Picha Elfu Moja

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikwenda Chukwani kumjulia hali mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, ambaye sasa amestaafu. Ukishaupita uwanja wa ndege na kulikaribia jengo la Baraza la Wawakilishi, upepo wa bahari unakupokea, na chumvi yake nayo inakupokea. Chumvi hiyo ikumbuke, kwani ina sehemu yake katika mazungumzo haya.

Nilimkuta Maalim barazani, bisibisi mkononi, mbele yake sanduku la chuma la rangi ya kijivu lenye ukubwa wa jiko la gesi. Pembeni palikuwa na kichwa cha kamera kilichounganishwa na sanduku hilo kwa waya mnene kama kidole gumba.

"Shikamoo Maalim. Kamera hii ni ya nini?"

"Marahaba. Aliyeniuzia mjini alisema ni ya harusi. Basi ingekuwa ya harusi, harusi yenyewe ingemalizika kwa sekunde moja."

Kumbe ilikuwa ni kamera ya video ya kasi, iliyotengenezwa miaka ya 1990 na kuingia nchini katika shehena ya vitu vilivyokwishatumika. Maalim aliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, na mkewe hakumsemesha kwa siku mbili. Kwa hiyo swali la siku ile halikuwa la mchezo: je, fedha zile zimekwenda na maji, au kitu hiki kinafanya kazi?

Kwanza tuelewane kasi ni nini. Sisi wa Unguja tuliijua televisheni mapema. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara, wakati wenzetu wa Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Picha tulizokuwa tukiziona zilikuwa 25 kwa kila sekunde. Jicho la mwanadamu linaziunganisha, likaona mtu anatembea. Lakini kinachotokea baina ya picha moja na ya pili hakionekani. Kamera ya Maalim hupiga picha 1,000 kwa sekunde. Ukizionyesha baadaye 25 kwa 25, sekunde moja inageuka sekunde 40, na kilichokuwa kimejificha kinatoka hadharani.

Hamu hii si ya leo. Mwaka 1878 huko Palo Alto, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi ili ajulikane kama miguu yote minne huachana na ardhi anapokimbia. Ikaonekana kwamba huachana. Na mwaka 2017 wataalamu nchini Uingereza walieleza jinsi walivyotumia kamera 8, kila moja ikipiga picha 10,000 kwa sekunde, kumtazama mbu wa jamii ya Culex, huyu huyu anayezaliana katika makaro yetu. Walimkuta anapiga mbawa kiasi cha mara 800 kwa sekunde. Ule mlio unaokukosesha usingizi ndio huo.

Tukarudi kwenye sanduku. Maalim hakulichomeka kwenye umeme. Alinionyesha swichi ndogo nyuma yake: ilikuwa kwenye 110, na umeme wetu ni volti 230. Mtu mwenye pupa angeliunguza siku ya kwanza. Akaiweka sawa, kisha akafungua skrubu za mfuniko.

Ndani tulikuta mayai mawili matupu ya mjusi, vumbi lililoziba feni, na ukungu wa kijani kwenye miguu ya shaba. Hiyo ndiyo ile chumvi niliyokwambia uikumbuke.

Hapa, ndugu msikilizaji, nakuomba usiige bila kujua. Mashine ya namna hii hata ikiwa imechomolewa inaweza kukuua. Sehemu ya kupokea umeme ina kapasita kubwa zinazohifadhi moto. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unapanda kufikia kiasi cha volti 325, na kapasita inaweza kuushikilia kwa muda mrefu baada ya plagi kutoka. Maalim alipima kwa mita, akaumaliza moto uliobaki kwa rizista, akapima tena. Ndipo alipotia mkono. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Akazitoa na kutia mpya.

Halafu akafanya jambo ambalo mafundi wetu wa redio walilijua zamani. Alichukua balbu ya kizamani ya wati 100, ile yenye uzi ndani, akaiunganisha katika njia ya umeme kabla ya kufika kwenye mashine. Kama ndani kuna waya zinazogusana vibaya, balbu itawaka kwa nguvu na mashine itasalimika. Kama mashine ni nzima, balbu itamulika mara moja kisha itafifia. Akabonyeza swichi. Balbu ikamulika, ikafifia. Feni ikaanza kuzunguka. Nikasikia mlango wa ndani ukifunguka. Mkewe alikuwa anasikiliza.

Kwenye televisheni picha ilitokea, lakini ilikuwa imejaa mistari myeusi ya kusimama, mmoja katika kila nukta nane. Kuujua ugonjwa huo inabidi tuzungumze juu ya kumbukumbu.

Picha ya kamera hii ina nukta 256 kwa upana na 256 kwa urefu. Zidisha, utapata nukta 65,536. Katika sekunde moja yenye picha 1,000, ni zaidi ya nukta milioni 65. Kanda za video tulizozijua nyumbani zisingeumudu mzigo huo. Kwa hiyo watengenezaji walijaza chipu za kumbukumbu. Tulizihesabu: bodi 8, kila moja ina chipu 16, jumla chipu 128. Kwa hesabu za siku hizi ni megabaiti 64, ambazo simu yako ya mkononi haizioni kuwa kitu. Wakati ule ilikuwa mali. Na kwa mali yote ile, zinatosha picha 1,024 tu, yaani sekunde moja na chembe. Ndiyo maana ya ile harusi ya Maalim.

Bodi 8, mstari mmoja katika kila nukta nane. Unaona mambo yanavyopatana? Bodi moja haikuwa ikijibu. Maalim akabadilisha nafasi ya bodi mbili, kisha akawasha tena. "Mstari ukihama," alisema, "ubovu umo ndani ya bodi. Usipohama, ubovu ni wa tundu inamoingia." Mstari haukuhama. Akachukua mswaki na spiriti, akasugua miguu ya lile tundu mpaka shaba ikang'aa. Mistari ikatoweka. Mashine iliyotupwa Ulaya, ikauzwa kwa jina la uongo mjini, ilikuwa inaumwa uchafu.

Akaifunika lenzi: picha ikawa nyeusi yote. Akaielekeza kwenye karatasi nyeupe chini ya taa ya tyubu: picha ikawa nyeupe, kisha ikafifia, kisha ikawa nyeupe tena. Nikasema imeharibika upya. Maalim akacheka. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa ya namna ile hupanda na kushuka mara 100. Jicho letu halijui, kamera inajua.

Isitoshe, taa ya chumbani haitoshi. Ukipiga picha 25 kwa sekunde, kila picha inaweza kuota mwanga kwa sehemu ya 25 ya sekunde. Ukipiga 1,000, kila moja haipati zaidi ya sehemu ya 1,000. Mwanga umepungua mara 40. Kasi hununuliwa kwa mwanga. Nchi nyingine wanawasha mataa makali. Chukwani tuna jua la alasiri, na halina bili. Tukatoka uani.

Lakini nani anasema elfu moja ni elfu moja kweli? Maalim alichukua rula ya mita moja na gololi. Kitu kikiachwa kianguke mita moja, huchukua kiasi cha sekunde 0.45. Kwa hiyo lazima tupate picha 450 hivi, tangu kidole kinapoachia hadi gololi inapogonga chini. Tulihesabu moja moja, tukapata 456. Zile chache za ziada ni shaka ya kidole. Kamera ilikuwa inasema kweli.

Wakati huo jirani alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Ni mama anayeshona sare za skuli kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Kwa miezi kadhaa cherehani hiyo ilikuwa inaruka mshono kila inapofika mahali kitambaa kimekunjwa mara nne. Fundi wa kwanza alimwambia kulabu ya chini imekwisha. Wa pili alisema vitambaa vya siku hizi ni vibovu. Wa tatu alimshauri aiuze kama chuma chakavu, na mnunuzi alikuwa ameshapatikana.

"Maalim," aliuliza, "hiyo kamera yako inaweza kumwona mgonjwa wangu?"

Cherehani ikaletwa uani. Mshono unapatikana hivi: sindano inashuka na uzi wa juu, inaanza kupanda, uzi unalegea kidogo na kufanya kitanzi. Kulabu ya chini inakuja wakati huo huo, inakidaka kitanzi, inakizungusha kwenye uzi wa bobini. Kulabu ikikikosa, mshono umerukwa. Mama yule akikanyaga kwa haraka, sindano inashuka mara 10 kwa sekunde. Video ya kawaida ingepata picha mbili na nusu kwa kila mshono. Kamera ya Maalim inapata 100.

Taabu moja: kosa hutokea mara chache, na kumbukumbu ni ya sekunde moja. Utabonyeza lini? Dawa imo ndani ya mashine yenyewe. Ni mfano wa mtu anayeandika kwenye ubao mdogo. Akifika mwisho anafuta mwanzo, anaendelea bila kusimama. Ukibonyeza kitufe, anaacha. Kwa hiyo hubonyezi kabla ya tukio. Unabonyeza baada yake, na sekunde iliyokwishapita unayo mkononi.

Tulifungua kibati cha chini, tukarusha jua kwa kioo cha kunyolea, mama akakanyaga. Mshono ukaruka, Maalim akabonyeza. Tumempata! Nami kwa furaha nikageuka, mguu ukajikwaa kwenye waya, plagi ikachomoka. Kumbukumbu za namna ile huishi kwa umeme. Ukikatika, hakuna kinachobaki. Sitasema aliyoniambia Maalim.

Ikabidi kungoja kiasi cha saa nzima mpaka mshono uruke tena, jua nalo likiteremkia baharini. Mara hii tulipobonyeza, mtoto wa jirani alikwishaelekeza simu yake kwenye televisheni, akaichukua yote.

Kwa sekunde 41 tuliitazama sindano. Inashuka vizuri kwenye kitambaa chepesi, kitanzi kinafanyika, kulabu inakidaka. Inafika kwenye mkunjo. Ncha inagusa kitambaa kinene, na sindano nzima inapinda, kama mti wa muhogo unaosukumwa na upepo. Inashuka ikiwa imekaa upande, kitanzi kinafanyika mbali, kulabu inapita patupu. Baadaye sindano inanyooka, na ukiisimamisha cherehani huoni kosa lolote.

Maalim aliichomoa sindano akaisoma. Namba 11, ya vitambaa vyepesi. Akamtuma mtoto dukani alete namba 16. Tukashona mikunjo mpaka jua likazama. Haikuruka hata mmoja.

Mama alikaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo ningeiuza cherehani ya mama yangu kwa ajili ya sindano."

Nilimwuliza Maalim kama kweli tulihitaji kamera ya mamilioni ya nukta kwa jambo hilo. Fundi mwangalifu si angeanza na sindano, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote? Akanijibu kwamba ndivyo, angeanza nayo, na angepona kwa kubahatisha. "Lakini asingejua kwa nini, na kesho kwenye cherehani nyingine angerudia kuilaumu kulabu."

Ndugu msikilizaji, siku ile nimeona vitu viwili vilivyohukumiwa kifo, kimoja kwa sababu ya uchafu kwenye tundu, cha pili kwa sababu ya sindano nyembamba. Waliovihukumu hawakuwa watu wabaya. Walisema kabla ya kuona. Wengi wetu hatuna kamera ya kasi, lakini mita, mswaki na subira tunavyo. Kabla hujakitupa kitu, anza na kilicho rahisi, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha tazama kama mstari umehama.

Maalim sasa anataka kuipeleka kamera yake skuli, wanafunzi wahesabu gololi wenyewe. Mkewe ameshaanza kumsemesha. Mimi nimepewa sharti moja tu nikienda tena Chukwani: nikae mbali na waya.