Kodoma: Uvimbe Unaojificha Nyuma ya Nyonga

Kodoma ni saratani ya mfupa inayotokana na masalia ya notokodi, ule uzi laini unaotangulia uti wa mgongo mtoto akiwa bado anaumbika tumboni. Kwa kawaida uzi huo hutoweka. Chembe zake chache zikisalia, huweza kuanza kuota mtu akiwa mzima, mara nyingi baada ya miaka 50. Kila mwaka hupatikana mgonjwa mpya kama 1 kwa kila watu milioni 1. Kituo chake kikubwa ni sakramu, mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu.

Hukua polepole mno, na ujanja wake uko hapo. Ndani ya nyonga mna nafasi, hivyo uvimbe husogea mbele kuelekea utumbo bila kelele. Maumivu ya kukaa husingiziwa kuanguka kwa zamani. Choo kigumu husingiziwa bawasiri. Eksirei nayo huweza kuupita, ilhali kidole cha daktari kikipima njia ya haja kubwa huugusa. MRI huonyesha mipaka yake. Kinyama cha kupimwa huchukuliwa kwa sindano kupitia mgongoni, si kupitia utumbo, kwa sababu seli huweza kubaki kwenye njia ya sindano, na njia hiyo hukatwa pamoja na uvimbe.

Dawa za saratani zilizozoeleka haziuathiri sana. Tegemeo ni kisu. Mwaka 1978 madaktari Stener na Gunterberg wa Göteborg, Sweden, walichapisha namna ya kukata sakramu sehemu ya juu. Uvimbe hutolewa mzima, umezungukwa na nyama salama, kama yai ambalo ganda halijapasuka. Ukipasuka, seli humwagika na ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Gharama ya upasuaji huo ni mishipa ya fahamu. Jozi ya pili na ya tatu za sakramu ndizo hasa zinazotawala kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa. Jozi ya pili ikisalimika pamoja na mshipa mmoja wa jozi ya tatu, wagonjwa wengi huendelea kujizuia. Jozi hizo zote mbili zikikatwa, mgonjwa huweza kutembea, lakini atahitaji mpira wa mkojo na pengine choo cha tumboni. Mazungumzo kuhusu hasara hizo hufanyika kabla ya upasuaji.

Pengo linaloachwa na upasuaji huzibwa kwa msuli wa tako au wa tumbo, na kidonda huchelewa kupona. Uvimbe usipoweza kukatwa, hutumika mionzi mikali ya protoni au kaboni, kama inavyofanyika Chiba, Japani. Vipimo huendelea kwa miaka, kwani kodoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10.